Nywele za Batuli na Maji ya Mfereji

Kuze, Mombasa
Jumapili, 15 Septemba 1996

Kwa Dada yangu Mwanashee,

Assalaam alaykum. Kabla sijakuuliza hali, nakuomba ukae kitako. Nakujua wewe, barua zangu huzisoma umesimama jikoni kwa watu, jicho moja kwenye karatasi na jicho moja kwenye sufuria, kisha unanijibu mambo ambayo sikuyasema. Hii usiisome hivyo. Ingoje mpaka tajiri zako wamekwisha kula, ufunge mlango wa chumba chako, ndipo uifungue.

Natumai u mzima, na lile goti limetulia, na joto la Maskati limeanza kupunguza ukali wake. Sisi huku tunamshukuru Mungu, hakuna aliyelazwa wala aliyefiwa, kwa hivyo usianze kulia kabla hujafika chini. Lililonikalisha kuandika ni Batuli. Mwanao anakula, anaswali, anatembea, lakini nywele zake zimetoka vibaya, na harusi ilikuwa mwezi ujao. Kwenye simu nisingeweza kukueleza, kwa kuwa simu yenyewe naipokelea sebuleni kwa Bi. Amtulla, na pale hapakosi watu. Barua hii nampa mtu wa Bondeni anayesafiri kuja huko Alhamisi, akupe mkononi.

Nianze na maji, maana sisi sote tulianza na maji.

Katika barua ya mwezi wa sita nilikulalamikia maji ya mfereji, haya ya bomba, nawe ukanicheka, ukasema watu wa Kuze hatujapata kuyapenda maji yoyote tangu tuzaliwe. Sasa sikia, yamezidi. Siku yakitoka, maana nyingine hayatoki kabisa, yanatoka na ukali ambao sikuujua utotoni. Jamaldin anasema wenye kusoma huyaita maji magumu. Nilimcheka mume wangu, nikamwambia maji na ugumu wapi na wapi, lakini nilipoitazama birika yangu ya chai nikamwamini. Ndani imeota ganda jeupe kama chokaa ya ukuta. Nalikwangua kwa kisu, nalimwagia ndimu, siku ya pili limerudi. Chai inafanya utando juu. Sabuni unaisugua mpaka kiganja kinauma, povu hulioni, unaona vipande vyeupe vinaelea kwenye beseni. Kanzu za Jamaldin, zile ulizokuwa ukisema zinaumiza macho kwa weupe, zimekuwa rangi ya majivu, na kila Ijumaa anakwenda msikitini akininunia. Mbaazi naziteleka alfajiri, watu wanarudi kazini bado zinagonga meno. Nilitia magadi, zikawa rojo linalonuka, nikazimwaga zote na nazi yake.

Basi maji yakawa ndiyo kila kitu. Mtoto wa jirani kaanguka mtihani, mamake anasema ni maji, yanamwasha ngozi hapati kusoma. Jamaldin akichelewa kazini Kilindini, ni maji. Mimi mwenyewe nikiunguza mchuzi nasema ni maji, na hakuna anayenibishia. Utacheka, na hata mimi nimecheka kidogo hapa nikiandika, lakini kicheko chenyewe hakishuki.

Mwezi wa saba nikaanza kuona nywele kwenye kitana, kisha kwenye sakafu ya bafu. Hazikuwa za Batuli peke yake. Za kwangu zilikuwa zikitoka, na za binti za Bi. Amtulla vilevile, kwa hivyo sikushtuka. Siku hiyo nilikuwa nakuna nazi, Batuli akanionyesha kitana, nami nikamjibu kwa mzaha. Laiti mdomo wangu ungefungwa saa ile. Nilimwambia zikiendelea hivi, mwanangu, itabidi tuisogeze harusi, maana hatuwezi kumtoa nje bibi harusi kipara. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama ni kweli watu huahirisha harusi kwa jambo kama hilo, nami nikamwambia watu wameahirisha kwa madogo kuliko hayo, nikaendelea na nazi yangu.

Baada ya hapo nywele zikatoka kwa kasi. Nyuma ya sikio la kulia pakafanya uwazi mdogo, mdogo wa kufunikwa kwa kidole, kisha ukawa wa kufunikwa kwa kiganja. Dada, wewe unazijua nywele za mwanao, ndizo zilizokuwa zikisifiwa tangu yuko chuoni anasoma alifu. Na unaijua siku ya kutolewa nje ilivyo. Kichwa hakifunikwi. Bibi harusi anakalishwa mbele ya wanawake wote wa Kuze na Bondeni, nywele zimechanwa na asumini zimepangwa, na wapo wanaokuja si kwa pilau wala kwa ngoma, wanakuja kukagua. Nilimwona Batuli amekaa pale juu na uwazi ule nyuma ya sikio, na watu wananong'onezana. Nilimwona hivyo kila nilipofumba macho.

Tulimpaka kila kilichopakika. Mafuta ya nazi, mafuta ya habasoda, mayai, majani ya mkunazi yaliyopondwa. Ndimu nilimtia mpaka akalia. Zile chupa za sabuni ya nywele ulizomletea kutoka huko zimekwisha, povu lake lilikuwa kama mate tu. Nilimwendea mwalimu akamwandikia kombe la aya kwenye sahani, na Mungu anisamehe, kombe lilipokwisha kunywewa na sahani ikakauka, niliona imebaki duara jeupe la chumvi ya mfereji kandokando ya maandishi yaliyofutika. Nikaanza kuogopa kwamba hata dua yangu imechanganyika na maji yale. Ndivyo akili yangu ilivyokuwa.

Mama Zein naye akaanza kuja. Unajua mama wa bwana harusi hana haja ya kusema neno, akikaa tu unajua anatafuta nini. Nilimfunga Batuli leso kichwani nikasema amepakwa mafuta, hafai kufunuliwa. Mara ya pili nikasema amepakwa hina. Mara ya tatu Mama Zein akasema kwa upole kwamba mwanamwali huyu atakuwa na kichwa kilichonona kupita wote Mombasa, nami nikacheka huku jasho linanitoka. Kuhusu Zein mwenyewe sina la kukuandikia ila lile lile nililokwambia tangu posa. Ni karani hapo bandarini, hana makuu, anamheshimu Jamaldin, na Batuli anampenda. Hilo ulishike vizuri unapoendelea kusoma, usije ukafikiri ni mambo ya kijana.

Ndipo Bi. Amtulla akaniita. Nyumba yao, kama unavyokumbuka, ni ya wazee wa mumewe Saifuddin, na chini ya ua wao liko tangi la zamani lililochimbwa kukinga mvua ya paa. Masika ya mwaka huu yaliliacha limejaa. Akaniambia kwa ule ukali wake wa mapenzi kwamba nimekaa jirani naye miaka yote hii naenda kwa walimu na kwa wenye dawa, kumbe yeye anakanyaga maji ya mvua kila siku, na kwa nini sikuja kuomba. Akanipa ndoo, akasema kila siku nije nichote, na nisimletee shukrani, nimletee ndoo tupu tu.

Dada, nilipomwosha Batuli kwa maji yale, povu lilipanda mpaka likamwingia machoni. Nikalia kwa ajili ya povu. Chai ya siku ile Jamaldin alikunywa vikombe viwili bila kuuliza kitu. Mbaazi zikaiva. Nikajiosha na mimi, na Ijumaa mbili hazijapita nywele zangu zikaacha kutoka. Za binti za Bi. Amtulla, ambao nao walikuwa wakioga ya mfereji mpaka mama yao alipowakemea, zikaacha kutoka. Za Batuli zikazidi.

Hapo ndipo hofu ya kweli iliponiingia. Maadamu tulikuwa tunayalaumu maji, nilikuwa na pa kuegemea. Sasa maji yameondoka na ugonjwa umebaki. Nikafikiri hasidi. Nikafikiri yale maradhi ambayo watu hawayataji kwa jina. Nikampeleka kwa daktari, akamtazama kichwa kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kama kuna kitu kinachomsumbua moyoni. Mimi ndiye niliyejibu, nikasema ni maji, daktari, mji mzima unalia na maji. Akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye, akaandika dawa ya kupaka, tukatoka.

Jumatano iliyopita nilitoka mchana kwenda Bondeni kwa fundi cherehani, nikafika kona nikakumbuka nimesahau kipande cha kitambaa cha mfano. Nikarudi. Batuli hakunisikia. Alikuwa uani, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kichwa wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa nyuma ya sikio. Akachagua unywele mmoja, akauzungusha kwenye kidole, akauvuta ukatoka, akauweka kwenye leso iliyokuwa mapajani. Kisha mwingine. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu anayechambua mchele. Nilisimama pale mlangoni.

Sikumpigia kelele. Nikakaa chini sakafuni karibu naye, naye aliponiona hakuficha kitu, akaikunja ile leso tu kama tulivyofunzwa na bibi, kwamba nywele za mtu hazitupwi ovyo. Nikamuuliza tangu lini. Akasema mwanzo zilikuwa zikitoka zenyewe, kweli, kwa ajili ya maji. Kisha siku ile niliposema harusi itasogezwa, akaanza kuzisaidia. Nyingine akizitia kwenye kitana na kuzimwaga bafuni ili nizione. Nilipoleta maji ya mvua, akaona zitaacha kutoka, akaongeza bidii.

Nikamuuliza kama hamtaki Zein. Akashangaa, akasema amtake nani mwingine. Nikamuuliza basi ni nini, na hapo akaniambia, bila kulia, kwamba hataki kutolewa nje na mama mdogo.

Niliumia, Dada, sikufichi. Mimi ndiye niliyembeba alipokuwa na surua, mimi ndiye niliyekwenda kugombana na mwalimu wake, na yeye sasa ananiambia hivyo uso kwa uso. Nadhani aliona nilivyobadilika, kwa sababu alinishika mkono. Akasema anajua mimi ni mamake pia, na haki zangu kwake hawezi kuzilipa. Lakini akasema anayetolewa na mama mdogo ni yule aliyefiwa na mama, na yeye hakufiwa, mamake yu hai.

Kisha akanikumbusha simu ya mwezi wa sita. Unaikumbuka? Uliniambia tuendelee na mipango na Mama Zein, tusikungoje, kwa kuwa tajiri zako hawawezi kukuachia kabla ya Ramadhani kwisha. Ukaniambia tena kwamba mkataba ukiisha huenda ukatia sahihi mwingine wa miaka miwili, ili umnunulie mtoto kitanda na kabati na vyombo aingie kwake kwa heshima. Simu ile ya Bi. Amtulla inapiga kelele kama redio. Batuli alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Alisikia kila neno, akarudi nyumbani akaosha vyombo. Akahesabu kwamba ikiwa harusi itavuka Ramadhani na kufika Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, mkataba utakuwa umekwisha, na huenda ukaja.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia alisema. Alikwambia mara mbili kwa simu kwamba anataka uwepo, na mara zote mbili ulimjibu asiwe mtoto.

Sikuandiki hili nikuchome. Wewe unafanya kazi kwa watu kwa ajili yake, na nyumba hii tunayokaa tunaijua imesimama kwa jasho la nani. Pasipoti yako iko kwenye kabati ya mtu mwingine, nalijua hilo pia. Lakini uliondoka ana kifua bapa, ukarudi mara moja tu, mwaka ule wa tisini na tatu, ukakaa mwezi mmoja, na sehemu kubwa ya mwezi huo ukaizungusha kwa kuwapelekea watu zawadi. Mtoto ameshika salamu zako na vitambaa vyako na sauti yako kwenye simu. Sasa anataka mtu.

Jana mimi na Jamaldin tulikwenda kwa Mama Zein kuomba harusi isogezwe hadi Mfungo Mosi. Njia nzima nilikuwa nikipanga la kusema, na nilipokaa, nikasema ni maji. Ndiyo, nimedanganya, na Jamaldin alikuwa pale akitazama mkeka. Nikasema nywele zimeharibika kwa maji ya mfereji, daktari ametoa dawa, zinahitaji muda. Mama Zein akanivuta chumbani, akavua ushungi wake, akanionyesha utosi wake, akasema, "Mwanangu, haya maji yameniua hata mimi. Mbona hukuniambia mapema, ukawa unanizungusha na mafuta na hina?" Akakubali. Zein aliyekuwa ukumbini alimwita Jamaldin pembeni, akamwambia kwamba kwa upande wake Batuli angekuwa hana hata unywele mmoja harusi ingekuwa palepale. Nilipomfikishia Batuli maneno hayo, ndipo alipolia.

Ningependa kukwambia kwamba sasa amepona. Sijui, Dada. Mkono wake umekwisha kuzoea, unakwenda wenyewe. Leo tukila niliuona unapanda kuelekea sikioni. Nikautazama tu. Akaushusha, akaukalia, akaendelea kula kwa shida. Namfunga leso kwa nguvu, namketisha karibu nami, namwosha kwa maji ya mvua kila siku ya pili, na chini ya leso nimeona vinyweleo vidogo vinachipua, laini, vya kuhisi kwa ncha ya kidole. Lakini nikitoka kwenda sokoni narudi mbio. Mimi siwezi kumkalia mkono wake mpaka Mfungo Mosi.

Kwa hivyo nakuomba jambo moja, na naliomba nikiwa mdogo wako ambaye hajapata kukuamuru kitu. Usitie sahihi mkataba mpya. Kitanda atalala kile watakachopata, na kabati wataijaza au hawataijaza, hayo ni yao na Zein. Mwambie tajiri wako sasa, kabla ya Ramadhani, kwamba Idi ikipita unaondoka, na akikasirika akasirike. Usituletee dhahabu, wala chupa za sabuni ya nywele. Njoo na mikono mitupu, lakini njoo, kwa sababu tarehe hii ya pili nimeipata kwa maji, na ikifika bila wewe sitakuwa na kitu kingine cha kukilaumu.

Jamaldin anakusalimu sana, na anasema chumba cha mbele kitapakwa rangi kabla hujafika. Bi. Amtulla na Saifuddin wanakusalimu. Mama Zein anakusalimu na kukuombea heri. Yeye anajua ni maji, na ukizungumza naye kwa simu uyalaumu kama tunavyoyalaumu sisi. Salamu za Batuli sina za kukupa. Nilimwahidi kwamba sitakwambia, naye hajui kama nimeandika.

Wasalaam,

Ni mimi mdogo wako,
Mwanarusi